Prodyuza anataka kuniwekea biti, nikubali?

Wasomaji wangu, mwezi uliopita niliandika mistari minne tu hapa kuhusu albamu ya mwimbaji wa Canada Leonard Cohen ya mwaka 1988, I'm Your Man, nikasema hakuna albamu iliyonifundisha zaidi habari ya mwimbaji wa gitaa kuhamia kwenye vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na nikawaomba msikilize wimbo wake wa mwisho, Tower of Song, mara tatu. Sikutegemea barua zitakuwa nyingi hivi. Basi safari hii ukurasa mzima ni wa hiyo albamu, na naanza na barua ya binti mmoja wa Moshi kwasababu hiyo ndo iliyonikalisha chini.

SWALI: Shikamoo. Mi ni msichana wa miaka 24 niko Moshi, natunga na kuimba mwenyewe kwa gitaa kavu tangu niko form three. Nina nyimbo tisa ziko tayari. Nimepata prodyuza, mtu mzuri tu, hanisumbui na hela, ila anasema gitaa peke yake halitoshi, anataka aweke biti, besi ya kinanda na zile sauti za kujaza nyuma. Ameshanifanyia wimbo mmoja nikausikiliza nikalia, na sijui nimelia kwa furaha au kwa uchungu. Marafiki zangu wanaokujaga kunisikiliza kila Ijumaa wanasema nikikubali nitakuwa kama wengine wote. Wewe umemtaja huyo mzee wa Canada. Yeye alifanyaje? Hakupoteza watu wake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Na pole kwa machozi, ila kwangu hiyo ni dalili njema, wimbo usiokuhusu hauwezi kukuliza.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Watu wengi wanaisimulia hii habari kama vile Cohen alilala na gitaa akaamka na mashine. Haikuwa hivyo hata kidogo, jamaa alihangaika na hilo jambo miaka ishirini. Kazaliwa Montreal 1934, akaanza kama mshairi na mwandishi wa riwaya, kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1956, na albamu ya kwanza, Songs of Leonard Cohen, ikatoka Desemba 1967 akiwa na miaka 33, umri ambao siku hizi ukienda studio unaambiwa umechelewa. Na kwenye hiyo hiyo albamu ya kwanza aligombana na prodyuza wake John Simon kwa jambo lile lile linalokunyima usingizi wewe. Simon alitaka kujaza, vayolini, ngoma, waitikiaji. Cohen alitaka nyimbo zibaki kavu, gitaa lake na maneno yake basi. Wakavutana mpaka mwisho, ukiisikiliza leo utasikia kabisa sehemu ambazo huyu alishinda na sehemu ambazo yule alishinda.

Alafu ikaja 1977. Hapo Cohen alifanya kitu ambacho mi mpaka leo kinaniuma nikikifikiria, alimpa nyimbo zake Phil Spector, prodyuza aliyekuwa maarufu kwa kurundika vyombo studio mpaka mziki unakuwa kama ukuta. Albamu inaitwa Death of a Ladies' Man. Spector aliondoka na tepu akazimaliza mwenyewe bila Cohen kuwepo, sauti nyingi unazozisikia mle ni zile Cohen aliziimba kwa kupima tu akijua atarudi kuziimba vizuri, hakupewa nafasi ya kurudi. Cohen mwenyewe alisimulia kwamba kuna usiku Spector alimwekea bastola shingoni huku anamwambia anampenda. Nisikilize vizuri hapa mwanangu, maana hii ndo hofu ya marafiki zako wa Ijumaa hata kama hawajui kuitaja, hofu ya mtu kuchukua wimbo wako ulioshaisha akauvalisha nguo alizozichagua yeye, mpaka wewe mwenyewe ukikutana nao njiani humtambui mtoto wako.

Sasa sikia kilichotokea baada ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Cohen akiwa New York alinunua kinanda kidogo cha Casio, vile vya bei rahisi, vile ambavyo sisi tunavijua kwenye makanisa madogo na kwenye sebule za watu wenye watoto, unabonyeza kitufe inaanza ngoma, unaweka kidole kimoja kwenye kitufe kimoja na kinanda kinakupigia besi na noti za kujazia chenyewe. Wapiga vyombo wa kweli wanavicheka vile vinanda. Ila fikiria maana yake kwa mtu kama yeye! Miaka yote alikuwa anatunga kwa gitaa, na gitaa lake lilikuwa na mwendo wake, ule wa vidole vinavyokimbia haraka haraka kwenye nyuzi, alikuwa anaujua vizuri sana lakini ndo huo huo, kila wimbo ukizaliwa unazaliwa na mwendo wa mkono wake. Kinanda kikampa miendo ambayo mkono wake haukuwa nayo. Hapo ndo ikatoka Dance Me to the End of Love, na prodyuza wake wa wakati huo John Lissauer alipojaribu kuirekodi na wapigaji wa kweli ikawa haiji, ikabidi ile ngoma ya Casio ibaki kwenye wimbo.

Hiyo ilikuwa albamu ya Various Positions, mwishoni mwa 1984, ambayo ndani yake upo pia Hallelujah, huo huo ambao watu wanauimba kwenye harusi na misiba dunia nzima. Na hapa ndo jibu la swali lako la kupoteza watu. Columbia, kampuni yake, waliisikiliza wakakataa kuitoa Marekani. Bosi wao Walter Yetnikoff, kama Cohen alivyokuwa akisimulia, alimwambia tunajua wewe ni mkubwa, ila hatujui kama wewe ni mzuri. Ikabidi 1985 itolewe kule na lebo ndogo. Kwahiyo mwaka 1988 unapofika Cohen ana miaka 53 na Marekani wameshamsahau, watu wa kupoteza hata hawakuwepo wengi. Aliyemfungulia mlango ni mwimbaji Jennifer Warnes, ambaye zamani alikuwa mwitikiaji wake kwenye ziara, 1987 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Cohen, Famous Blue Raincoat, na ndani yake kulikuwa na nyimbo mbili mpya ambazo Cohen mwenyewe alikuwa hajazitoa bado, First We Take Manhattan na Ain't No Cure for Love. Roscoe Beck aliyeshika prodakshen ya Warnes ndo huyo huyo akaja kusaidia kwenye I'm Your Man.

Na I'm Your Man ilipotoka Februari 1988 ilikuwaje? Nyimbo nane tu, kama dakika 41. Unaweka First We Take Manhattan, inaanza besi ya kinanda inadunda kama mziki wa disko Ulaya, ngoma ya mashine haitingishiki, alafu inaingia sauti ya mzee inaongea na wewe kama mtu aliyekaa siku nyingi ndani sasa ametoka na mpango. Gitaa kavu halipo kabisa. Na ajabu ni kwamba hakuna wimbo wake wowote wa zamani ambao maneno yanasikika wazi kuliko hapo, neno moja moja, kwasababu mashine haisogei, haishindani naye, inamshikilia tu kama meza inavyoshikilia kitabu. Ulaya wakaichukua kwa mikono miwili. Norway ilikaa namba moja wiki nyingi mpaka watu wakashangaa. Na vijana ambao ukisema mziki wa gitaa na mashairi walikuwa wanafikiria wazazi wao ndo wakaja, 1991 ikatoka albamu ya bendi za vijana wanaimba nyimbo zake, R.E.M., Pixies, Nick Cave na wengine, na jina lake wakalitoa kwenye hii hii albamu, I'm Your Fan.

Kwahiyo mwanangu, weka 1977 na 1988 pamoja. Zote gitaa halikubaki peke yake. Moja ilimpoteza, nyingine ikamrudisha. Mi naona kilichobadilika ni huyo aliyekuwa wa kwanza kugusa kitufe. Kwa Spector nyimbo zilienda zikiwa zimeshaisha zikavalishwa. Kwa kinanda zilizaliwa nacho, yeye akiwa peke yake chumbani anabonyeza na kidole kimoja.

Ndo maana sitakuambia kataa wala sitakuambia kubali. Nakuambia azima kinanda, chochote, hata cha kanisani, hata programu ya kwenye simu, ukae nacho wiki mbili bila prodyuza na bila marafiki wa Ijumaa, utunge wimbo wa kumi. Anza na ngoma badala ya gitaa. Uchague mwendo wa polepole kuliko ulivyozoea. Usijaribu kupiga vizuri. Huo wimbo wa kumi ukishatoka utajua mwenyewe zile tisa zipi zinaomba biti na zipi zinaomba kuachwa, na ukirudi kwa prodyuza utakuwa unaongea naye kama mtu mwenye masikio mawili, sio mtu anayesubiri kupangiwa. Na usifute zile rekodi za gitaa. Usifute kabisa.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mzee wa Tanga, nimepiga udi miaka mingi kabla vidole havijakataa. Mjukuu ananiambia kwenye hiyo albamu ya vinanda unayoisifia kuna udi. Hebu niambie ukweli.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu kasema kweli, na amenifurahisha sana.

Upo kwenye wimbo wa tatu, Everybody Knows. Aliyepiga ni John Bilezikjian, Mmarekani wa asili ya Armenia, fundi wa udi hasa, na hakuwa mgeni kwa Cohen, alishapiga naye kwenye albamu ya 1979, Recent Songs, ambayo ndani yake kuna pia vayolini ya Raffi Hakopian, na ukiisikiliza ile mzee utakaa kitako, utasikia vitu vya nyumbani kabisa, vile vya vayolini na udi kuulizana na kujibizana. Huyo Hakopian naye yupo kwenye albamu ya 1988, kwenye Take This Waltz.

Kwenye Everybody Knows mashine ndo imeshika chini, ngoma na besi hazibadiliki mwanzo mpaka mwisho, zinatembea kama saa ya ukutani. Juu yake Cohen anasoma orodha ya mambo mabaya ya dunia kwa sauti ile ile isiyopanda. Alafu katikati udi unaingia. Haupigi sana. Unasikia ule ukakasi wa nyuzi, ile risha ya kupigia inavyogusa, kitu cha mbao na mkono wa mtu katikati ya chuma, na ghafla wimbo mzima unapata jasho.

Mzee wangu, nimeuwaza sana huu wimbo kwa upande wetu. Wewe ulikuwepo taarab ilipobadilika, miaka ya tisini vikundi vya Dar viliposhika kinanda cha umeme, na kinanda kikaanza kufanya kazi ya vayolini, ya kanuni, ya udi, ya akodiani, vyote kwenye vitufe vya mtu mmoja. Mi siilaumu ile taarab, imetupa raha na imetupa waimbaji wakubwa. Ila nasikitika kwa udi, kwasababu kinanda kilipoingia wengi waliona udi hauna kazi tena, na hii albamu inanionyesha kwamba kazi ilikuwepo. Kinanda kishike mwendo, udi useme. Tena udi mmoja katikati ya mashine unasikika kuliko udi mmoja katikati ya vayolini kumi. Laiti angekuwepo mtu wa kutuambia hivyo mapema.

Kama vidole vinaruhusu hata dakika mbili kwa siku, mkalishe huyo mjukuu mbele yako.

SWALI: Hiyo sauti ni ya kweli au wameishusha na mashine? Mimi nasikiliza nikiwa kazini Muscat, wenzangu wananiuliza huyu ni nani anaongea kama anatoka kisimani.

JIBU: Ni yake. Chukua Suzanne, wimbo wa albamu yake ya kwanza ya 1967, uisikilize kwanza, kijana mwenye sauti ya kawaida, inapita kidogo puani, alafu weka I'm Your Man, utasema ni baba yake. Umri, na sigara, mwenyewe alikuwa akizitaja sigara. Sauti ilianza kushuka tangu Various Positions na kufikia 1988 ilikuwa imefika chini kabisa.

Hapo ndo pa kuelewa kwanini vinanda vilimfaa. Sauti nzito hivyo ukiipigia gitaa la vidole, vyote viwili vinakaa sehemu moja, chini na katikati, vinabanana kama abiria wa daladala ya jioni. Walichofanya ni kuiachia sauti yake ghorofa ya chini pamoja na besi tu, katikati wakaacha nafasi, alafu juu kabisa wakaweka sauti za kike, Jennifer Warnes, Anjani Thomas na wenzao, ndo wanaobeba melodi ambayo yeye hawezi tena kuifikia. Yeye anasema, wao wanaimba. Hakujifanya ana sauti ambayo hana, na hilo nalipenda kuliko yote.

SWALI: Bro, mi prodyuza nipo Mbagala, nimesikiliza Tower of Song mara tatu kama ulivyosema. Kusema kweli sijaona kitu. Ngoma ni ile ya kinanda kama ilivyotoka dukani, na ile solo hata mtoto wa shule ya msingi anapiga. Kwanini hawakuita mpigaji?

JIBU: Kaka, masikio yako yako sawa kabisa, umesikia kila kitu kilichopo. Ni kinanda kama kilivyotoka dukani na solo ni ya kidole kimoja, kapiga Cohen mwenyewe. Wapigaji wakubwa walikuwepo, kwenye albamu hii hii kuna Vinnie Colaiuta kwenye dramu, na huyo ukiwauliza wapiga dramu watakuambia ni nani. Wangemwita mtu akapiga solo ya maana kwa dakika tano tu.

Ila fikiria wimbo unasema nini. Ni mtu aliyezeeka, nywele zina mvi, mwili unauma, anasema yeye ni mtunzi na anaishi kwenye jengo moja na watunzi wote waliokufa, na jengo ni refu, na kuna aliye ghorofa za juu sana kuliko yeye. Sasa wimbo wa namna hiyo ukimwekea solo ya kutisha utakuwa umemdanganya msikilizaji, mtu anasema mi nipo chini huku vidole vinasema mi nipo juu. Zile noti chache zinazotafutana ndo ukweli wa wimbo. Waitikiaji wanaingia na ile dudumdudum yao, basi, nyumba imekamilika.

Nimeujaribu huu wimbo kwenye kinanda cha mwanangu, nikaweka biti ya kitufe, nikapiga vizuri zaidi ya yeye, mi nimesoma mziki kidogo. Ukawa mbaya. Nikarudia kupiga polepole kwa kidole kimoja ukawa afadhali lakini bado haukuwa wake, nikakaa pale nimechoka nikaelewa kwamba kutojua kwake kupiga hakukuwa bahati mbaya iliyoachwa kwenye rekodi, alikichagua.

Tafuta ule mkanda wa London, O2 Arena, Julai 2008. Ana miaka 73, amevaa kofia na suti, wamemwekea kakinanda kadogo mbele, anabonyeza, anapiga ile ile solo, na ukumbi mzima unashangilia kila noti. Miaka ishirini baadae na hakuibadilisha.

Alafu nikuambie na mabaya ili usinione nimelewa. Kwenye albamu hii hii kuna wimbo Jazz Police, mi siipendi, sijawahi kuipenda, hapo mashine zimewazidi, zinarukaruka bila sababu na maneno hayashiki. Na ngoma za baadhi ya nyimbo zimechakaa, zile ngoma za snea zenye mwangwi za miaka ya themanini unajua ukizisikia tu mwaka gani. Hilo ndo deni la kutumia sauti mpya, siku moja inakuwa ya zamani. Wewe nawe unayetumia plagini, zile programu za sauti, za mwaka huu utalilipa.

SWALI: Habari ndugu mwandishi. Nasoma kutoka Bruxelles, kwetu ni Bukavu. Je, katika huu mziki wa huyu bwana kuna kitu chochote kinachotugusa sisi Waafrika au ni mambo ya wazungu tu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, karibu sana. Kuna uzi mmoja, na ni mzuri, ila lazima uutafute kwenye majina ya nyuma ya kava.

Take This Waltz ilirekodiwa Paris, na aliyeshika vinanda ni Mfaransa, Jean-Philippe Rykiel. Huyu bwana haoni, tangu utotoni. Na ni nani huyu? Ndo yule yule ambaye mikono yake ipo kwenye Soro ya Salif Keita wa Mali, ya 1987, albamu ambayo Ibrahima Sylla aliisimamia hapo hapo Paris, Rykiel akiwa mmoja wa walioipanga. Kama umekulia kwenye nyumba ya watu wa Kivu wenye santuri au kaseti nadhani sauti ya Soro unaikumbuka, vinanda vinang'aa kama mabati mapya, juu yake sauti ya Salif inapasua.

Wako watu waliomwambia Salif maneno hayo hayo anayoambiwa yule binti wa Moshi, kwamba umeiacha kora, umeiacha balafoni, umewafuata wazungu na vinanda vyao. Na mi nikiziweka Soro na I'm Your Man pamoja, ya 1987 na ya 1988, naona waimbaji wawili wenye maneno ya zamani sana, mmoja kabebwa na ukoo wa Keita na mmoja kabebwa na Zaburi, wameingia vyumba vya mashine vya mji mmoja, kwa fundi mmoja asiyeona, na kila mmoja katoka akiwa yeye mwenyewe zaidi. Hiyo inatugusa.

SWALI: Mnasifia vinanda tu, mashairi je? Aliyarahisisha ili yaendane na biti? (Mwalimu wa Kiswahili, Njombe.)

JIBU: Mwalimu, hapana, aliyafanya kuwa magumu zaidi kuyaandika ila mepesi kuyasikia, na hiyo wewe unajua ni kazi kubwa.

Mfano ni I Can't Forget. Wimbo huo ulianza kama wimbo wa dini, habari za wana wa Israeli kutolewa Misri, alishauandika, na muziki ukawa umeshatengenezwa. Akaenda kuuimba akashindwa, kwasababu alijiona anadanganya, hakuwa amekombolewa kutoka utumwa wowote. Akarudi mezani akajiuliza maisha yake hasa leo asubuhi yakoje, na wimbo ukaanza upya na mtu anayejikokota kutoka kitandani. Melodi ile ile, maneno ya mtu mwingine kabisa. Yale ya Misri hakuyatupa, aliendelea kuyasukuma miaka na miaka mpaka yakatoka kwenye albamu ya 2014 kama Born in Chains. Hebu hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi kwa wimbo mmoja!

Na Take This Waltz maneno yake ni tafsiri ya shairi la Federico García Lorca, Mhispania aliyeuawa 1936. Cohen alikutana na kitabu chake dukani Montreal akiwa kijana wa miaka 15, akampenda mpaka binti yake akamwita Lorca. Kuitafsiri alisema ilimla saa 150. Sio neno kwa neno, amelihamisha shairi zima na vyombo vyake likakae kwenye Kiingereza kama limezaliwa huko. Alafu akaliweka juu ya kinanda kinachozunguka tatu tatu. Wapenda mashairi wetu ambao wanaogopa kumtia mshairi wa zamani kwenye mziki wa sasa wangeusikiliza huu kwa utulivu.

SWALI: Mbona kwenye kava anakula ndizi?

JIBU: Alikuwa na njaa! Kulikuwa na upigaji wa video ya Jennifer Warnes, ya First We Take Manhattan, Cohen yupo pembeni kavaa suti na miwani nyeusi kashika ndizi aliyoimenya, Sharon Weisz akampiga picha. Alipoiona akasema ndo yeye huyo, mtu anayejiona ameweza kumbe kashika ndizi. Ndo ikawa kava.

SWALI: Nianzie wimbo gani? Bando ni dogo.

JIBU: Everybody Knows, kwa ajili ya udi. Alafu Tower of Song, usiku, kwa spika za masikioni, usifanye kitu kingine. Ukibakiwa na bando weka Suzanne ya 1967 mwishoni, sio mwanzoni.

Na binti wa Moshi, ukimaliza huo wimbo wa kumi nitumie. Nitumie na ule uliokuliza, wa gitaa na wa biti vyote viwili. Prodyuza wako mwambie namsalimu, na marafiki wa Ijumaa waambie wasiache kuja.